Sola na Mita Moja ya Vyumba Sita



Wauzaji wa sola wanazunguka Mbarara na wanafika hadi Nakivale. Wote wana neno moja: jua ni bure. Kweli jua ni bure, lakini paneli na betri si bure, na faida yake haitokani na jua peke yake. Inategemea bei ya umeme unaoacha kununua.

Tuhesabu. Katikati ya mwaka 2025, bei iliyowekwa na Mamlaka ya Kudhibiti Umeme kwa nyumba ilikuwa shilingi 250 kwa kila yuniti katika yuniti 15 za kwanza za mwezi. Zilizofuata, hadi ya 80, zilikuwa karibu shilingi 756 kila moja, kabla ya kodi. Mwenye mita yake anayetumia yuniti 10 alilipa shilingi 2,500. Akihamia sola kabisa, anaokoa hizo 2,500 tu kwa mwezi. Mwulize muuzaji: malipo yake ya kila siku kwa simu yanafika ngapi kwa mwezi?

Lakini ni wangapi kati yetu wenye mita? Sisi ni wapangaji. Nyumba ina vyumba sita na mita moja. Kila chumba kikitumia yuniti 10, mita inasoma 60, na bei nafuu imetolewa kwa mita, si kwa familia. Jumla ni shilingi 37,770, yaani 6,295 kwa chumba. Umeme ule ule, mara mbili na nusu ya bei! Mwenye nyumba akiweka paneli juu ya paa, yeye ndiye anayeokoa zile yuniti za 756. Mpangaji anaendelea kutozwa kama jana. Mimi nimekaa katika nyumba ya namna hiyo, na risiti sikuonyeshwa hata siku moja.

Ndugu zetu wa Nakivale, panapopokea wakimbizi tangu mwaka 1958, wana hesabu nyingine. Kaya nyingi huko hazina mita. Sola yao inashindana na tochi, kandili na pesa za kuchajisha simu dukani, na hapo hata paneli ndogo ina faida. Kwa hiyo sisemi sola ni mbaya.

Sasa kiwandani. Viwanda vikubwa hulipa kwa saa: ghali kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku wa manane, rahisi kutoka hapo hadi alfajiri, na mchana bei ya kati. Paneli za mwajiri zinampunguzia gharama ya mchana tu. Saa nyingi za ghali jua limezama. Asiponunua betri, njia yake ni kusukuma mashine, na watu, baada ya usiku wa manane.

Tawi ambalo mwajiri ameanza kupima paa liulize mapema habari za zamu, posho ya usiku na gari la kurudisha watu nyumbani, kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Na penye nyumba za kampuni, tudai kila familia iwe na mita yake.