Shamba Mlilokwisha Kulifyeka Lipeni Miembe: Wito kwa Wakulima wa Sikonge

Ndugu zangu wa Tutuo, Pangale, Ipole, Kitunda na Kiloli, najua wapo miongoni mwenu wanaopanga kusogea mbele msimu huu wakafyeke pori jipya. Kabla hamjanoa mashoka, rudini kwanza kwenye lile shamba la misimu miwili mitatu iliyopita, lenye visiki vinavyochipua na mchanga ulioanza kuchoka. Shamba lile bado ni lenu. Naomba msilihame, na mwaka huu lipate miti ya matunda.

Lilivyofikia hapo tunajua sote. Tumbaku ya mvuke inataka ardhi mpya na inataka kuni. Kukausha tumbaku ya bani moja huchukua karibu wiki nzima, usiku na mchana, na moto haupaswi kuzimika. Miti ya miombo iliyokua kwa miaka mingi huishia humo. Ardhi yetu nayo ni ya kichanga, yenye tindikali, na rutuba yake karibu yote imelala juu juu, pale majani yalipodondoka na kuoza mwaka hadi mwaka. Majivu ya kufyekea huipa nguvu msimu wa kwanza, pengine na wa pili. Baada ya hapo mahindi yanageuka manjano na mwenye shamba anaanza kuulizia pori lingine. Simlaumu mtu. Tumbaku imesomesha watoto wengi wa wilaya hii na kuezeka nyumba nyingi kwa bati. Lakini kila anayehama huacha nyuma yake ardhi isiyo na pori wala mazao, na pori la kuhamia linapungua. Sehemu kubwa ya wilaya hii ni hifadhi, na huko hatuna ruhusa ya kuingia na shoka.

Mkoa wetu wa Tabora ulikwisha kuona kung'oa miti kwa pupa kunafikisha wapi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa jirani Urambo. Waliingia porini na matrekta na minyororo, wakang'oa miti na mizizi yake, wakitaka uwanja mtupu. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na fedha za kutisha zimekwenda nao. Kwa hiyo nawaomba msianze kwa kung'oa visiki vyote. Kisiki cha mtundu au cha mninga kilicho hai ni akiba. Kikichipua, chagua chipukizi moja au mawili yaliyonyooka, mengine uyakate. Acha visiki vya namna hiyo pembezoni mwa shamba, vije kukupa kuni na nguzo bila kwenda mbali, na nyuki wapate maua. Wilaya ya asali haiwezi kuishi bila maua.

Katikati ya shamba ndipo pa miembe. Huu si mti wa porini kwetu. Ulitoka Asia, ukafika pwani, ukapanda bara pamoja na misafara. Miembe mikongwe iliyosimama kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, kupitia Tabora na Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi, ipo kwa sababu kuna watu walioipanda au kuitunza ilipoota. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya misafara kwenye orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa katika njia hiyo, na kivuli cha miembe hiyo tunakikalia hadi leo.

Mwembe unatufaa kwa sababu unaelewana na hali yetu ya hewa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Mwembe hutoa maua katika ukavu huo, na maembe huiva mvua zinapoanza, wakati ghala la mahindi limebaki vumbi na watoto wanauliza watakula nini. Miche ya kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ya mbegu huchelewa zaidi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, ekari moja inaingia miembe 40, na katikati yake unaendelea kulima karanga na mahindi kwa miaka kadhaa kabla kivuli hakijafunga.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawaambiwi, nalo ndilo linaloua miche katika mashamba mapya. Mti ukikatwa, mizizi yake hubaki chini imejaa chakula. Kuna kuvu anayekula mizizi hiyo, kisha akitoka hapo huvamia mizizi ya mti uliopandwa jirani. Unaona mche ulikuwa mzima, ghafla unanyauka mvua zikiwa bado zinanyesha. Jambo hilo lilichunguzwa kwenye mashamba ya chai ya Malawi miaka ya 1930. Huko wakaanza kubambua gome kuzunguka shina mwaka mmoja au miwili kabla ya kukata mti, ili mizizi itumie akiba yake yote na kuvu akose cha kula. Kwa shamba ambalo miti imekwisha kukatwa, subira ndiyo dawa. Lima karanga na mahindi misimu miwili au mitatu tangu kufyeka, ng'oa visiki vilivyokufa karibu na mahali pa mashimo, na usifukie vipande vya miti wala mizizi ndani ya shimo. Vipande hivyo huita mchwa pia, na mchwa wa Sikonge hawahitaji mwaliko.

Palipokuwa na tumbaku kuna adui wa pili, minyoo fundo wa mizizini. Hao hupenda mipapai na migomba kama walivyopenda tumbaku. Usianze na mipapai hapo. Tanguliza karanga.

Mashimo yachimbwe Septemba na Oktoba, upana na kina kama futi mbili. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Samadi haipo mbali: majirani zetu Wasukuma wana ng'ombe, na zizi lililojaa linamkera mwenyewe. Mazungumzo ya heshima na debe la karanga vinatosha kuanzisha ujirani wa miaka. Panda mvua zikishashika, Desemba. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huangukia Aprili mosi, lakini kwetu Aprili mvua inaaga, na mche wa Aprili unaingia kiangazi bila mizizi.

Kiangazi cha kwanza na cha pili ndivyo vinavyoamua. Ndoo moja kwa wiki kwa kila mche, majani makavu kuzunguka bila kugusa shina, ua wa minyaa kuzuia mbuzi, na ukanda uliolimwa pande zote kuzuia moto kichaa. Asiyeweza kumwagilia miche 40 apande 10. Miembe 10 iliyo hai ni mali.

Msisahau matunda yetu ya porini. Mkusu, mtonga, mbura na mfuru ikiwa imesimama shambani, iacheni. Mkusu hauoti vizuri bila udongo uliochotwa chini ya mkusu mwingine, kwa sababu mizizi yake inategemea viumbe wadogo walio humo, kwa hiyo kuutunza uliopo ni rahisi kuliko kuupanda upya. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi pamoja na kituo cha kilimo mseto, ICRAF, walikwisha kufanya kazi na kina mama wa Tabora kutengeneza juisi, jemu na divai kwa matunda haya. Ujuzi upo. Wapo kina mama wanaoufahamu, waulizeni.

Kwa viongozi wa vyama vya msingi nina ombi moja: kila mnapogawa miche ya kuni kwa wakulima wa tumbaku, sehemu yake iwe ya matunda, na kila kijiji kipate vijana wawili waliofundishwa kubebesha. Kwenu madiwani: wekeni sheria ndogo ya mifugo na moto itakayolinda miche ya kila mtu, mwenye tumbaku na mwenye ng'ombe.

Na kwako mkulima, mashimo ni kazi ya Oktoba. Chimba kumi.