Choo Kinachonuka Hakina Watu

Mficha uchi hazai, walisema wazee wetu. Basi leo, msomaji mpenzi, tutasema waziwazi juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, nalo ni harufu ya choo.

Labda utasema, "Choo ni choo, kisinuke namna gani?" Wengi hufikiri hivyo. Huona kwamba harufu ni jambo la pua tu, nalo halina madhara. Sivyo. Harufu ndiyo inayoamua kama choo chako kitatumika au kitakuwa pambo la uani. Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Baba amechimba shimo refu kwa jasho lake, amejenga kibanda, ameezeka bati. Mwezi wa kwanza watu wote wanaingia. Mwezi wa sita kibanda kimejaa harufu na nzi. Mtoto anaingia, anabana pua, anatoka mbio na kukimbilia nyuma ya mahindi. Babu anaona heri kutembea mpaka kichakani. Mgeni anaaga kabla ya wakati wake. Choo kipo, bali watu hawamo.

Katika nchi yetu jambo hili si dogo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza mafunzo ya redio na kusoma vitabu vyake, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi njema sana. Lakini kuchimba ni kazi ya siku chache, na kukitumia choo ni kazi ya kila siku. Kinachomfukuza mtu chooni kila siku ni harufu.

Tena kuna habari ya macho. Ninyi mnaokaa Basotu, Katesh na pande zote za Hanang na Mbulu, mwawajua nzi wale wadogo wanaong'ang'ania macho ya watoto na kunywa machozi yao. Hao hubeba ugonjwa wa vikope, ambao waganga huuita trakoma. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utoto, ukope wa jicho hupata makovu, hujikunja ndani, na kope hukwaruza jicho mpaka linapofuka. Sasa sikia jambo la ajabu: nzi yule wa macho hapendi kuzaa ndani ya shimo la choo. Huzaa katika kinyesi cha mtu kilichoachwa juu ya ardhi, nyuma ya mahindi, pale pale mtoto alipokimbilia. Kule Gambia, Afrika ya Magharibi, wataalamu walijenga vyoo katika vijiji kadha, wakahesabu nzi waliotua machoni mwa watoto. Habari zao zilitolewa mwaka 2004: nzi walipungua karibu thuluthi moja. Kwa hiyo, choo kikinuka watu hukimbilia porini. Wakienda porini nzi huzaana. Na nzi wakizaana macho ya watoto huumia. Harufu ndiyo mwanzo wa njia hiyo.

Basi tufanye nini? Kwanza tujue harufu yatoka wapi. Inatoka mahali pawili, na kila pahali pana dawa yake.

1. Sakafu. Mara nyingi twalilaumu shimo bure. Mkojo uliomwagika ukikauka katika sakafu ya udongo au katika nyufa za miti, hutoa ile harufu kali inayochoma macho. Fanya jaribio hili: osha sakafu vizuri, kisha funika tundu kwa gunia lililoloweshwa maji, uliache kwa saa moja au mbili. Ukirudi ukakuta harufu bado ipo, kosa ni la sakafu. Dawa yake ni sakafu laini ya saruji inayoteremka kidogo kuelekea tundu, isiyo na ufa wala shimo la kushika maji. Asiye na saruji aikandike kwa udongo mzuri na kuuponda ugumu, tena airudie kila inapopasuka. Isuguliwe kwa ufagio wa chooni na maji kidogo kila siku.

2. Shimo. Kinyesi kikioza penye maji mengi na pasipo hewa, hutoa hewa mbaya inayonuka kama yai viza. Kwa sababu hiyo, usiyaelekeze maji ya kuogea katika shimo la choo. Chimbia maji hayo shimo lake dogo, ulijaze mawe, yanywee ardhini. Kisha tumia majivu. Kila nyumba yenye mafiga ina majivu, na wengi huyatupa. Weka debe la majivu makavu chooni pamoja na kopo. Kila anayemaliza haja atupe kidogo tunduni. Majivu hufunika, hukausha, na kupunguza harufu na nzi. Hayagharimu hata senti moja.

Sasa tuje kwenye hewa, maana hapo ndipo siri kubwa ilipo. Watu wengi hupigana na harufu kwa kuifungia. Huziba kila tundu, kisha hushangaa kwamba ndani hapakaliki. Harufu ni kama moshi wa jikoni. Haitaki kufungiwa, yataka kuonyeshwa njia ya kutokea.

Mwaka 1975, katika nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe, wataalamu wa nyumba ya uchunguzi ya Blair, akiwamo bwana mmoja aitwaye Peter Morgan, walijaribu kitu rahisi. Walisimamisha bomba refu kutoka shimoni hadi juu ya paa, na juu yake wakafunga wavu. Kisha wakategea nzi waliotoka tunduni, wakawahesabu kwa siku 78. Choo kisicho na bomba kilitoa nzi zaidi ya 13,000. Choo chenye bomba kilitoa nzi 146 tu! Na harufu ndani ya kibanda ikaondoka. Toka siku hizo vyoo vya namna hii vimejengwa katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu pia.

Bomba linafanyaje kazi? Upepo unapopita juu ya kinywa cha bomba, huvuta hewa iliyomo ndani yake kwenda juu. Hewa ya shimoni ikipanda, hewa safi ya kibandani hushuka tunduni kushika nafasi yake. Ndiyo maana harufu hairudi kwako. Nao nzi waliomo shimoni hufuata mwanga. Kibanda kikiwa na giza kidogo, mwanga wanaouona ni ule wa juu ya bomba. Hupanda mpaka kwenye wavu, hukwama, hufa na kuanguka shimoni. Nzi wa nje nao hufuata harufu mpaka juu ya bomba, lakini wavu huwazuia wasiingie.

Mkulima wa Basotu haitaji kufundishwa habari za upepo. Anapopepeta maharage au mtama ajua vema pa kusimama. Katika nyanda zile zilizo wazi, zilizolimwa ngano tangu zamani, upepo ni mali isiyolipiwa. Basi mtumie upepo kama mtumishi wenu. Lakini shikeni sheria hizi, maana nimeona mabomba mengi yaliyosimama bure:

Kwanza, bomba lisimame wima, na kinywa chake kipite kilele cha paa kwa nusu meta. Likiishia chini ya paa, au likifunikwa na matawi ya mti, upepo haulifikii.

Pili, liwe pana. Bomba la plastiki liwe na upana wa sentimeta 11 walau, na la sentimeta 15 ni bora zaidi. Asiyeweza kununua ajenge dohani ya matofali yenye nafasi ya sentimeta 23 kila upande, au asuke matete na kuyapaka saruji.

Tatu, usisahau wavu. Pasipo wavu bomba hutoa harufu, lakini nzi hupita watakavyo. Wavu wa chuma cha kawaida huliwa na kutu kwa ajili ya hewa ile, na wavu wa nailoni huharibiwa na jua. Wa aluminiamu au wa nyuzi za kioo hudumu. Utazame kila mwaka.

Nne, mlango uelekee upande upepo unakotoka, ambao kwetu mara nyingi ni mashariki, na juu ya mlango uache nafasi ya hewa kuingia. Ndani kuwe na giza kidogo. Wengine hujenga ukuta wa kuzunguka kama konokono, usio na mlango; basi hakuna wa kuuacha wazi.

Tano, na hili ndilo linalowachanganya wengi: choo chenye bomba kisifunikwe tundu kwa kifuniko cha kubana, maana hewa itakosa njia ya kushuka. Choo kisicho na bomba ndicho kifunikwe, tena kifuniko kibane kabisa kila wakati. Usichanganye haya mawili.

Ukitaka kujua kama bomba lako linafanya kazi, shika kijiti kinachofuka moshi karibu na tundu, bila kukiangusha. Moshi ukivutwa chini, kazi njema. Ukikujia usoni, tafuta kasoro.

Sasa neno la kuonya. Wapo watu ambao harufu ikizidi humimina shimoni mafuta ya taa, dawa za kuulia wadudu, au dawa kali za kusafishia. Kwa siku mbili tatu huona nafuu, kisha harufu hurudi mbaya kuliko mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu shimoni mna vijidudu vinavyofanya kazi ya kuozesha na kupunguza uchafu. Ukiviua, uchafu hukaa vilevile na shimo hujaa upesi. Tena dawa hizo zaweza kushuka mpaka kwenye maji ya kisima. Usitupe makaa ya moto shimoni, maana hewa ya mle yaweza kuwaka. Na zaidi ya yote, mtu asiingie kamwe katika shimo la choo la zamani, hata kama simu au mtoto wa mbuzi ameanguka. Hewa ile ya yai viza ikiwa nyingi hufisha pua kwanza, mtu hasikii harufu tena, kisha huanguka na kufa. Anayemfuata kumwokoa naye hufa.

Wanaochimba choo kipya wachague mahali vizuri. Kiwe mbali na kisima au na maji yoyote yanayotekwa, meta 30 walau, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Walio kando ya Ziwa Basotu na walishike neno hili, maana mvua huteremsha kila kitu ziwani. Penye udongo mweusi, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ukuta wa shimo ujengewe mawe au matofali sehemu ya juu, usije ukabomoka.

Je, shimo litadumu miaka mingapi? Fanya hesabu. Mtu mmoja hujaza kiasi cha sehemu 6 katika 100 za meta ya ujazo kwa mwaka. Watu 6 hujaza kama theluthi moja na zaidi kidogo. Shimo la upana wa meta 1 kila upande na kina cha meta 3 litatosha miaka 6 au 7. Uchafu ukifika nusu meta chini ya sakafu, lifukie kwa udongo na uchimbe jingine. Panda mti juu yake, nao utakushukuru.

Mwisho, kazi hii si ya mama peke yake. Katika nyumba nyingi baba hujenga choo, kisha husahau njia ya kwendako, isipokuwa kwa haja yake. Bomba, wavu na paa ni kazi ya baba. Majivu yaletwe na watoto kila asubuhi. Ufagio uwe na zamu, na wavulana wawemo. Karibu na mlango pawe na maji na sabuni, kila mtu anawe mikono akitoka.

Usingoje fedha za bomba ndipo uanze. Leo jioni mwulize mtoto wako mdogo, kwa upole, bila kumtisha, kwa nini hapendi kwenda chooni. Atakuambia kama ni harufu, nzi, giza, au tundu kubwa linalomwogofya asije akatumbukia. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kazi ya kuanza nayo kesho.