Mwenye injini ndiye mwenye deni: Nduthi na wakimbiaji katika barabara zetu

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza, barabara za murram zinazozunguka Eldoret huwa tayari zimeamka. Simama upande wa Kaptagat, au fuata barabara ya Moiben, na utaona kundi la wanariadha likipita gizani, hatua zao zikilia kwa pamoja. Hazipiti dakika mbili kabla hujasikia nduthi ikija, imefungwa mitungi ya maziwa huku na huku, ikikimbizana na muda. Wote hao wako kazini na wote wana haraka. Njia nayo ni moja.

Mimi nimekuwa pande zote mbili. Baada ya Kidato cha Nne niliendesha nduthi ya mjomba kwa karibu miaka miwili, alfajiri maziwa, mchana abiria. Wikendi nilikuwa nakimbia pia, ingawa si wa kumtisha mtu. Basi asubuhi moja ya Februari, vumbi limetanda, nikamkuta kijana anakimbia peke yake upande wa kushoto. Alikuwa amenipa mgongo, na nguo zake zilikuwa nyeusi kutoka juu hadi chini. Nilimwona nikiwa nimeshamkaribia mno, nikapiga honi ndefu. Alishtuka, akarukia mtaroni, akateguka kifundo cha mguu.

Mitungi yangu haikumgusa hata kidogo. Kisheria pengine ningesema sikumgonga mtu. Lakini alikuwa amebakisha siku tisa kabla ya mbio za mchujo alizojiandalia mwaka mzima. Alikaa pale chini, akashika mguu, akaniambia, "Boss, si ungepiga tu mapema?"

Sikuwa na jibu. Maziwa niliyafikisha kwa wakati siku hiyo. Yeye mbio zake alizitazama kwenye simu.

Tangu hapo nimekuwa nikifanya hesabu, nawe hebu ifanye nami. Nduthi ikienda kilomita 60 kwa saa inameza karibu mita 17 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kutambua kwamba kilicho mbele ni mtu na kushika breki, umeshapita mita 25 kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Hapo bado hujahesabu changarawe, matope ya Aprili, na taa ya mbele iliyofunikwa na vumbi. Shuka hadi kilomita 30 kwa saa na hizo mita 25 zinapungua nusu.

Sasa tazama unachopoteza. Kupita mita 200 zenye wakimbiaji kwa mwendo wa 30 badala ya 60 kunakuchelewesha sekunde 12. Ndiyo, sekunde 12 tu! Hakuna maziwa yanayoharibika kwa sekunde 12, na hakuna abiria atakayekukatia nauli kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana nasema, mwenye injini ndiye mwenye deni. Barabara ni yetu sote, lakini tukigusana hatuumii sawa. Wewe uliye juu ya pikipiki una chuma, una mwendo na una uzito wa mzigo. Mwenzako ana raba na fulana. Mwenye nguvu zaidi njiani ndiye anayepaswa kutangulia kujizuia.

Deni lenyewe si kubwa. Ukiwaona mbele, piga honi mbili fupi ukiwa bado mbali, maana honi ya mgongoni haimwonyi mtu, inamtisha tu. Punguza mwendo kabla ya kuwafikia. Wapishe nafasi pana, na kama kuna gari linakuja upande wa pili, subiri lipite kwanza. Kiangazi, usiongeze mafuta pindi tu unapowapita, kwa sababu lile vumbi lote linaingia kwenye mapafu ya mtu anayevuta pumzi kwa nguvu zake zote. Washa taa. Vaa helmeti na jaketi la riflekta, ambayo sheria ya trafiki inakutaka uvae, na ubebe abiria mmoja tu, kama sheria hiyohiyo inavyosema. Nduthi yenye watu watatu haikwepi kitu.

Lakini nanyi wakimbiaji msianze kushangilia. Yule kijana niliyemtia mtaroni alikuwa na makosa yake pia, na nadhani yeye mwenyewe anayajua.

Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Kwa hivyo pasipo njia ya waendao kwa miguu, kimbia upande wa kulia, uyaone macho kwa macho magari yanayokujia. Hili mwaambie pia wageni wanaokuja Iten kufanya mazoezi kutoka Marekani na Ufaransa, kwa maana kwao magari hupita kulia na wao wamezoea kinyume. Vaeni rangi inayoonekana gizani. Nguo nyeusi saa kumi na mbili kasorobo ni sawa na kujificha. Visikizi masikioni viacheni chumbani, au basi acheni sikio moja wazi. Na makundi makubwa, kama lile la fartlek ya Alhamisi kule Iten, yasitandaze watu kutoka ukingo hadi ukingo. Mkisikia pikipiki, jipangeni wawili wawili. Kwenye kona na mlimani, nyembambeni zaidi. Anayekuja upande wa pili hawaoni.

Najua kuna kinyongo kati yetu. Kwenye steji nimesikia mara nyingi, "Hao ni matajiri, wanatufungia njia na sisi tunatafuta unga." Huo ni uongo mtupu. Kwa kila bingwa unayemwona kwenye televisheni kuna vijana wengi ambao hawajawahi kulipwa hata shilingi kwa kukimbia, wanaogawana chumba kimoja na sufuria moja ya ugali. Mguu ndio shamba lao. Nao wakimbiaji wasituone sisi kama wahuni wa barabarani. Mwenye nduthi pengine bado analipia mkopo wake, na akimgonga mtu, pikipiki inalala kituo cha polisi na watoto wanalala njaa. Halafu mwanariadha akiumia, anayemkimbiza hospitali ni nani kama si mtu wa nduthi?

Tumeshazika vya kutosha. Tarehe 11 Februari 2024 tulimpoteza Kelvin Kiptum pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana, katika ajali ya gari kwenye barabara ya Eldoret na Kaptagat. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24 tu, miezi michache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago. Yeye alikuwa garini, hakuwa mazoezini, lakini msiba ule ulitukumbusha jinsi barabara inavyoweza kuchukua kwa usiku mmoja kilichojengwa kwa miaka. Tulilia, kisha tukarudi kwenye mwendo wetu uleule.

Eliud Kipchoge alipokimbia saa 1:59:40 mjini Vienna Oktoba 2019, alisafishiwa njia kabisa. Gari pekee lililokuwa mbele yake lilikuwa la kumpimia kasi. Nguvu za siku ile, hata hivyo, alizichimba Kaptagat, kwenye murram hii tunayoipita na mitungi ya maziwa. Vienna ilimpa njia kwa asubuhi moja. Sisi tunaombwa tumpe yule asiyejulikana bado nafasi kidogo tu, kila asubuhi.

Wapo watakaosema tungoje serikali ijenge njia za wanariadha. Ijenge, tutashukuru. Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024 na jiji linastahili hizo njia. Lakini kesho saa kumi na mbili tutakuwa kwenye murram ileile. Kwa hivyo wenyeviti wa steji na makocha wa kambi wakutane hata mara moja, chini ya mti wowote, wakubaliane njia gani hujaa wakimbiaji na saa ngapi, kisha waandike kwenye ubao wa steji. Hilo halihitaji bajeti wala mwanasiasa.

Mimi bado huazima nduthi ya mjomba mara mojamoja. Nikiwaona mbele napiga honi mbili fupi kutoka mbali na kushusha mwendo. Aliye nyuma kabisa kwenye kundi huinua mkono, hata hageuki kuangalia ni nani, na wenzake wanasogea kando. Jaribu kesho asubuhi, uone kama hatakuinulia mkono nawe.