Fizikia ya Kufundishwa kwa Mkopo

Makamanda, kuna jambo limenikaa rohoni.

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani, anayesoma ualimu wa sayansi, alienda fildi kwenye shule moja ya kata. Kufika tu, hakuna mwalimu wa fizikia. Siku ya pili akakabidhiwa chaki, kidato cha pili mpaka cha nne, vyote vyake. Wiki nane kafundisha, katunga mitihani, kasahihisha. Hela aliyoishi nayo? Ya fildi, kutoka Bodi ya Mikopo. Yaani deni.

Hebu fikirieni. Upungufu wa walimu wa fizikia serikali inaukiri yenyewe. Kijana anaenda kuziba pengo hilo, halafu chakula alichokula akiliziba atakuja kukirudisha, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara, siku akibahatika kuajiriwa. Na asiye na mkopo je? Nauli na kodi ya chumba ni juu ya mama yake.

Mimi fizikia niliiacha kidato cha pili, nasoma sheria. Lakini Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 23, inasema anayefanya kazi anastahili ujira wa haki. Na ibara hiyo ipo kwenye zile haki tunazoweza kuzidai mahakamani, siyo kama haki ya elimu ya Ibara ya 11, ambayo imewekwa kwenye malengo ya serikali tu.

Watatujibu kwamba fildi ni masomo, siyo kazi. Sawa, ni masomo pale mwalimu mwenyeji anapokaa nyuma ya darasa akakukosoa. Ukiwa mwalimu pekee wa somo shule nzima, hiyo ni kazi.

Tena isiishie fildi. Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, kilianza mwaka 2003 kuwalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza wawasaidie wenzao kwenye madarasa ya sayansi, fizikia ikiwemo. Lengo mojawapo lilikuwa kuwavuta wanaofaulu vizuri waingie ualimu. Sisi wa kwetu wenye ufaulu wa juu tunawaacha wahangaike na vibanda vya kutoa kopi ili wale.

Tunadai mambo matatu. Anayefundisha somo lisilo na mwalimu alipwe posho, isiandikwe kwenye deni lake. Vyuo vya umma viwalipe wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaosaidia maabara za mwaka wa kwanza. Na mradi wa fizikia unaopewa fedha na COSTECH uwe na fungu la msaidizi wa shahada ya kwanza.

Wasituambie hela hakuna. Mwaka 2022 walianzisha ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sayansi kidato cha sita. Ni jambo jema, lakini linaonyesha kwamba wakitaka, fungu linapatikana.

Kama na wewe umefundisha fildi kwa mkopo, andika hapa chini. Tuanze kuhesabiana.

Nguvu ya umma!