Talaka Izungumzwe Nyumbani

Kuna usemi uliozoeleka katika sharika zetu: nyumba ya Mkristo haitaji neno talaka. Wanaousema wanadhani kulitaja neno hilo ni kulikaribisha. Sisi tunaupinga usemi huo, na tunaupinga kwa Biblia.

Tusome Marko sura ya 10. Mafarisayo walimwuliza Bwana Yesu kama ni halali mtu kumwacha mkewe. Hakuwanyamazisha. Aliwarudisha kwenye uumbaji, akawaonyesha kwamba ruhusa ya Musa ilitokana na ugumu wa mioyo. Kisha mstari wa 10 una jambo ambalo wengi hulipita haraka: walipokuwa nyumbani, wanafunzi walimwuliza tena habari hiyo. Naye akawajibu, akamtaja mume amwachaye mkewe, na mke amwachaye mumewe. Basi neno hilo lilizungumzwa ndani ya nyumba, na Bwana mwenyewe akiwapo.

Sasa tutazame nyumba zetu. Bibi arusi huketishwa na mashangazi akafundishwa kuvumilia. Bwana arusi huusiwa kuwa kichwa cha nyumba. Ni nani anayewaketisha wote wawili na kuwauliza wanaamini nini mmoja wao akizini, akipiga, au akiiacha imani? Mmoja anaamini kwamba kifo peke yake ndicho kinachoivunja ndoa. Mwenzake amesoma Mathayo 19:9, anaamini kwamba zinaa inafungua mlango. Wanaishi pamoja miaka 15 bila kujua kwamba wanatofautiana.

Hujua siku ya dhoruba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani. Wapo wanaosikia imani ya mwenzi wao kwa mara ya kwanza mbele ya wajumbe wa baraza hilo, kila mmoja amekwisha kuandaa mashtaka yake. Hapo mazungumzo yamechelewa.

Tena, neno lisilozungumzwa kwa upendo hubaki kuwa fimbo ya mwenye nguvu. Mke aliyepigwa husomewa nusu ya Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana. Nusu ya pili, inayomkemea mtu aliyejifunika udhalimu kama nguo, haisomwi. Kipigo si sehemu ya agano, na anayemnyamazisha mwenzake kwa nusu ya mstari analitumia Neno vibaya.

Tutaambiwa kwamba tukiizungumza talaka tutaizaa. La hasha! Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi juu ya mume, mke, na asiyeamini anayeondoka. Aliliandikia kanisa zima, hakumnong'oneza mzee mmoja pembeni.

Basi, mume na mke, chagueni jioni moja ya amani, watoto wakiisha kulala. Fungueni Marko 10, Mathayo 19 na 1 Wakorintho 7. Kila mmoja aseme anachoamini, na mwenzake asikilize bila kumkatiza. Mkikwama, mwendeeni mchungaji mkiwa wawili, mngali mnapendana. Tuliahidi mbele ya madhabahu kulilinda agano hili. Tutalilindaje ikiwa tunaogopa hata kulizungumzia?