Vifo vya Ghafula Katika Ukoo Mmoja



Kijana mwenye afya akianguka na kufa ghafula, na miaka michache baadaye nduguye akafa vivyo hivyo, maneno huanza kabla ya kuondoa matanga: ukoo una laana, kuna mkono wa mtu. Nasema wazi kwamba maneno hayo nayo huua, maana huwazuia walio hai wasiende kupimwa.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme. Amri hiyo huanzia juu, upande wa kulia, hucheleweshwa kidogo katikati ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, kisha hushuka kwa njia mbili hadi vyumba vya chini. Njia hizo zikiharibika, mapigo hupungua mno. Mtu huzimia, na pengine haamki tena.

Huko Afrika Kusini, miongoni mwa wazao wa walowezi wasemao Kiafrikana, umo ukoo mkubwa ambao njia hizo huharibika kidogo kidogo. Wataalamu walipofuatilia nasaba, walifika kwa babu mmoja aliyehamia huko kutoka Ureno mwaka 1696. Karne tatu, wala hakuna aliyewaroga! Mwaka 1995 kasoro hiyo ilionekana kuwa katika kromosomu ya 19, na mwaka 2009 jeni yenyewe ikajulikana: TRPM4. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa vilango vidogo vipitishavyo chaji za umeme katika chembe za moyo. Herufi moja tu imebadilika, na chembe hushindwa kuviondoa vilango hivyo ipasavyo, hata vikazidi kiasi.

Kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wengine huirithi wasiugue kamwe, ndiyo maana watu hudhani ugonjwa huchagua.

Kipimo cha ECG huweza kuonyesha dalili mhusika angali hajisikii lolote. Tiba ni kifaa kidogo cha kuamsha mapigo, kiwekwacho chini ya ngozi ya kifua. Ni ghali, nakubali, wala hakipatikani kila hospitali. Lakini ECG ni kazi ya dakika chache.

Katika kikao cha ukoo baada ya maziko, madeni ya marehemu huulizwa kwa makini sana. Basi mzee wa ukoo na aulize pia: ni nani mwingine kati yetu ambaye huzimia?