Uhuru wa Malindi na Mabaki ya Nyota

Aghalabu husemwa kwamba nyota ikiishiwa na fueli hufa. Kauli hiyo imezoeleka mno, nayo inapotosha. Mshumaa ukizimika hubaki masizi tu. Nyota iliyokwisha fueli yaweza kuanza maisha mengine, tena makali kuliko yale ya awali.

Uhai wa nyota ni mvutano. Uzito wake huivuta kwa ndani, ilhali joto litokanalo na kuungana kwa viini vya haidrojeni kuwa heliamu huisukuma kwa nje. Fueli inapokwisha kitovuni, uzito hushinda. Jua, ambalo limebakiwa na takriban miaka bilioni 5, litavimba liwe jitu jekundu, kisha lipukutishe matabaka yake ya nje na kubaki kibete cheupe chenye ukubwa unaokaribia wa dunia. Nyota inayolizidi Jua uzito mara 8 hivi haina upole huo. Kitovu chake hugeuka chuma, na chuma hakitoi nishati viini vyake vinapounganishwa. Basi kitovu huporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja na nyota hulipuka. Aghalabu kinachosalia ni nyota ya nyutroni, nzito kuliko Jua ingawa kipenyo chake ni kilomita 20 hivi, karibu sawa na umbali wa Malindi hadi Watamu. Mabaki yakiwa mazito zaidi ya hapo, hapana nguvu ya kuyazuia: huwa shimo jeusi.

Malindi haikutajwa kwa sadfa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na mji huo, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa angani mahsusi kuchunguza eksirei za nyota, mionzi ambayo angahewa huizuia kufika ardhini. Mwaka 1971 ilibainika kupitia kwayo kwamba Centaurus X-3 hutoa mapigo kila baada ya sekunde 4.8, na baadaye ikabainika kwamba huzungukana na nyota nyingine kwa siku 2 na ushei. Ile iliyodhaniwa maiti ilikuwa ikimnyonya mwenziwe, na gesi iliyoporwa ikawaka eksirei kwa joto la mamilioni ya digrii. Uhuru ilionyesha pia kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika kwa kasi ya ajabu. Wanaastronomia walipopima mwendo wa nyota pacha yake, wakaona dalili za shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Neno la Kiswahili, basi, limo katika historia ya elimu ya nyota, ilhali ni nadra kumsikia mwanafunzi wa Kiswahili akiisimulia habari hii kwa lugha yenyewe. Kisingizio ni kilekile: istilahi hazitoshi. Lakini nomino za kukopa zinazohitajika hapa ni chache, na hakuna lugha isiyokopa. Mzigo wa maelezo hubebwa na vitenzi, navyo vipo tele: kuvimba, kupukutisha, kuporomoka, kunyonya. Kinachokosekana ni wasimulizi.

Zaidi ya hayo, kuunda istilahi bila kuielewa sayansi yenyewe kuna hasara. “Shimo jeusi” ni tafsiri sisisi ya jina la kigeni lenye kasoro, kwani kitu hicho si shimo hata kidogo. Ni mada iliyogandamizwa hata nuru isiweze kuponyoka. Mwanafunzi asomaye jina tu ataduwaa. Asomaye maelezo ataweza hata kulikosoa jina hilo na kupendekeza jingine. Idara za Kiswahili zingeanza kwa kumtaka kila mwanafunzi wa isimu aandike insha moja ya sayansi kabla hajaruhusiwa kuorodhesha istilahi, na habari ya Uhuru ingefaa kuwa mada ya kwanza.